Nyimbo za misa ya mazishi: anza na masomo

Mwalimu, pole na msiba. Umesema kwaya yenu ya Jinja, Uganda, itaimba Jumamosi misa ya kumuaga mama mmoja wa jumuiya, na watoto wake wanataka wimbo wake wa redioni uimbwe wakati wa matoleo.

Usiwakatalie, uhamishie wimbo huo nyumbani, kwenye mkesha. Ndani ya misa, muulize padre kwanza masomo ya Biblia ni yapi, ndipo ufungue daftari la nyimbo. Wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi. Aleluya huimbwa kabla ya Injili, ila kama ni Kwaresima huachwa. Zaburi ndiyo ya kufanyia mazoezi zaidi: chagua yenye kiitikio kifupi, kwa sababu waombolezaji watakuwa Wasoga, Waganda, Wacholi, na wengi hawana kitabu mkononi. Mkiwa na mtu wa kuongoza shairi moja la zaburi kwa Kilusoga, mpeni.

Halafu shusheni ufunguo wa nyimbo, ziimbwe kwa sauti ya chini zaidi. Nimesimama na sauti ya kwanza, yaani soprano, iliyokatika katikati ya ubeti, binti analia, kinanda kinaendelea peke yake. Chini kidogo, hata anayelia anaweza kuimba.

Ngoma msiziogope. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, uliheshimu muziki wa asili wa watu. Zipigwe taratibu, na wakati wa buriani, sala ya mwisho ya kumuaga marehemu, zinyamaze kabisa, zibaki sauti tu mpaka jeneza litoke mlangoni.