Deksa si chumvi ya kila mboga

Wadogo zangu wa ganzi na usingizi, wiki hii hapa Mtwara nimewaona watatu mkivuta deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) na kuimimina kwenye bupivakeini, dawa ya ganzi, bila kumuuliza mgonjwa hata swali moja. Dawa hii naipenda. Hurefusha bloku, yaani ganzi inayochomwa karibu na neva, kwa saa 6 hadi 8 hivi, mgonjwa akalala bila kulilia pethidini, dawa kali ya maumivu. Lakini nisikilizeni.

1. Miligramu 4 zinatosha. Ukiipitisha kwenye mshipa wa damu unapata sehemu kubwa ya faida hiyo, unazuia na kutapika, wala hujaweka kitu jirani na neva. Isukume taratibu, maana aliye macho huwashwa vibaya sehemu za siri.

2. Mwambieni mgonjwa saa. Hapa roho inaniuma mpaka leo. Mama mmoja alikatwa na panga kiganjani, nikampiga bloku ya kwapa saa 4 asubuhi, bupivakeini na deksa. Ulikuwa msimu wa korosho, ana haraka ya kurudi Tandahimba kupeleka mzigo ghalani. Jioni akaruhusiwa, nami nikamwambia nilivyozoea kuwaambia wote: "Mama, usiku ukiingia ganzi itakuwa imeisha." Hayo yalikuwa maneno ya bupivakeini peke yake. Deksa niliitia kwenye sindano, kwenye maelezo nikaisahau.

Kesho yake alfajiri akabandika uji. Vidole vilivyochungulia kwenye bandeji viliegemea sufuria, naye anakoroga kwa mkono wa pili. Aliona malengelenge kabla hajahisi moto. Aliporudi hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, mbona hukuniambia mkono bado umelala?" Sikuwa na jibu. Nilimsafisha vidonda mwenyewe kila alipokuja, na kidole kimoja hakikunyooka tena.

Tangu hapo naandika juu ya bandeji saa niliyochoma na neno DEKSA. Ndugu anayemsindikiza namweleza pia: mkono ukae kwenye kombeo, mbali na jiko, hadi uhisi tena, hata kama ni kesho mchana.

3. Mwenye kisukari, deksa humpandishia sukari: pimeni kabla, na muendelee hadi kesho yake.

4. Ropivakeini, dawa nyingine ya ganzi, ikichanganywa na deksa hufanya chembechembe ndani ya sindano. Msichanganye. Triamsinoloni, ile steroidi nyeupe kama tui, isikaribie bloku kabisa.

Kesho saa 1, kabla ya upasuaji wa kwanza, kila mmoja aje na kalamu ya wino mzito. Tutaanzia kwenye bandeji.