Jibini ya Goma haitengenezwi Goma

Wengi wanadhani jibini ya Goma inatengenezwa mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Hapana ndugu, Goma ni soko tu. Jibini hiyo, fromaji tunayoiita ya Goma, inatoka Masisi, eneo la milima la Kivu Kaskazini, kule juu kwenye malisho ya baridi. Nilipeleka watoto shamba moja la kule: maziwa ya asubuhi yanatiwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, yakiganda yanakatwa vipande vidogo, yanakamuliwa ndani ya umbo la duara, kisha yanalazwa kwenye maji ya chumvi. Baada ya hapo ni wiki kadhaa juu ya mbao, yakigeuzwa-geuzwa. Karibu lita 10 kwa kilo moja, ndiyo maana bei iko vile. Ila pale maziwa hayakuchemshwa. Mama mwenye mimba aulize kwanza kama maziwa yalichemshwa. Na maji ya maziwa yanayobaki baada ya kukamua? Nguruwe wa jirani walikuwa wameshajipanga.