Kugeuza ofisi za zamani kuwa apatimenti za kifahari: anzia vyooni

Mkuu, umeuliza kama jengo la ofisi la ghorofa nane, la miaka ya 1930, linaweza kugeuzwa apatimenti za kifahari za kuuza moja moja bila kulibomoa. Linaweza. Niliwahi kusimamia mafundi bomba kwenye kazi kama hiyo kwa miaka miwili na ushee, kwa hiyo nitasema ya mabomba. Ya marumaru waulize madalali.

Umri wa jengo lako ni bahati. Kabla ya viyoyozi na taa za tyubu kuenea, ofisi zilijengwa nyembamba ili karani apate mwanga wa dirishani. Woolworth Building la New York, lililokamilika 1913, ni la kizazi hicho, na ghorofa zake za juu leo ni makazi ya matajiri huku za chini zikibaki ofisi. Majengo ya miaka ya 1970 ni mapana, katikati giza tupu, na nani atanunua chumba cha kulala kisicho na dirisha? Wengine hutoboa jengo katikati kuanzia paani wapate ua wa mwanga, na eneo la kuuza linapungua.

Sasa vyoo. Ofisini vimerundikwa sehemu moja karibu na lifti. Apatimenti kila moja inataka jiko na bafu mbili au tatu, na maji taka hayapandi mlima: bomba la kulala linataka mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Bafu likiwa mbali na bomba la wima, ama uinue sakafu, ama ushushe dari ya jirani wa chini. Msanifu wetu alichora bafu kando ya dirisha, linapendeza kweli. Tulipopima, bomba lingening'inia sebuleni kwa mtu. Likahamishwa, naye akanuna wiki nzima.

Kutoboa slabu, yaani sakafu ya zege, ndiko kulikotutoa jasho. Kila tundu tulipima kwanza kwa rada kutafuta nondo, maana michoro ya zamani inadanganya. Hata hivyo tulikutana na boriti ya chuma isiyokuwemo kwenye mchoro wowote, kazi ikasimama wiki tatu tukimsubiri mhandisi.

Asbesto (nyuzi za madini zenye madhara kwa mapafu) na rangi yenye madini ya risasi: pima kabla ya kubomoa chochote, kisha waite wenye leseni.

Kitu tulichokidharau ni kelele. Ofisini hakuna aliyejali viatu vya wa juu. Mwenye apatimenti ya kifahari anasikia hata kiti kikivutwa. Tulifumua sakafu za ghorofa mbili zilizokwisha kupigwa vigae, tukatandika mpira wa kuzuia sauti, tukaanza upya.

Pima umbali kutoka dirishani hadi ukuta wa lifti, uweke hapa. Ukizidi mita 12, tuongee kuhusu huo ua wa katikati kabla hujasaini chochote.