Usinunue sensa ya oksijeni bado

Bro, eti fundi wa hapo Kibuye amesoma kodi P0171 (namba ya hitilafu kwa kompyuta ya gari) akasema ununue sensa ya oksijeni, ile inapima oksijeni kwa moshi wa egzosi? Ngoja kwanza. Hiyo kodi inasema tu hewa imezidi petroli, haisemi sensa imekufa, mimi nilinunua mpya nikiwa Nakuru kumbe ni paipu ya hewa imepasuka, pesa ikaenda hivyo tu. Pasha injini moto vizuri alafu uangalie volti za sensa ya mbele (ile iko kabla ya katalitiki, kisafisha moshi cha egzosi) kwa mashine ya kusoma kodi, kama ni ile ya kawaida inafaa kurukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Ikiganda mahali pamoja cheki waya na plagi yake, na egzosi isiwe inavuja hapo karibu, hiyo hudanganya sensa sana. Sensa ya nyuma, ile iko baada ya katalitiki, ikitulia usishtuke, iko sawa.