Maswali ya Wasomaji: Mlango usiouliza kipato, na foleni iliyo nyuma yake

Swali: Mhariri, shikamoo. Mama yangu mzazi ana miaka 67. Alihamia kwetu Columbus, Ohio, mwaka jana akitokea Tanga, na ana kibali cha ukaazi wa kudumu. Tulipouliza kuhusu Medicare tuliambiwa asubiri mpaka atimize miaka mitano nchini. Jirani yetu naye anasema kuna kituo cha wazee ambako mama anaweza kula chakula cha mchana bila kuulizwa kipato, na kwamba sehemu ya fedha za chakula hicho inatoka serikali kuu. Inakuwaje serikali ileile imfungie mlango mmoja na kumfungulia mwingine?
*Binti wa Tanga, Columbus*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aliyekueleza habari ya Medicare hakukosea, na jirani yako pia hakukosea, kwa sababu kila mmoja alikuwa akizungumzia sheria yake. Sheria hizo mbili zilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson katika mwezi mmoja, moja tarehe 14 Julai 1965 na nyingine tarehe 30, na pengine ndiyo sababu watu huzichanganya. Medicare ni bima ya matibabu: anaingia mwenye miaka 65 ambaye yeye au mwenzi wake amefanya kazi na kukatwa kodi yake kwa muda unaofikia miaka 10, au mkaazi wa kudumu aliyeishi Marekani miaka mitano mfululizo na ambaye yuko tayari kulipia. Mama yako hajafika huko.

Sheria ile iliyotangulia kwa siku 16, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Sheria ya Wamarekani Wazee, haitoi bima wala pensheni, bali inatoa ruzuku kwa majimbo ili yagharimie huduma: chakula cha pamoja vituoni, chakula kinachopelekwa nyumbani kwa asiyeweza kutoka, usafiri wa kwenda kliniki, msaada wa kazi za nyumbani, ushauri wa kisheria, na mtetezi anayesikiliza malalamiko ya wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee. Sharti lake kuu ni umri wa miaka 60. Kipato hakipimwi, na muda wa miaka mitano unaomzuia mhamiaji mwenye kibali kuingia katika misaada ya watu maskini hauihusu huduma hii. Sheria inawataka watoaji huduma waanze na wenye uhitaji mkubwa zaidi wa kiuchumi na kijamii, na miongoni mwa hao inawataja kwa uwazi wale wasioimudu lugha ya Kiingereza. Kwa maneno mengine, mama yako si mgeni aliyejipenyeza mezani. Yumo katika kundi ambalo sheria inataka litafutwe.

Atakapofika kituoni atakuta sanduku au bahasha ya mchango, pamoja na tangazo la kiasi kinachopendekezwa. Mama wa Tanga aliyelelewa kwamba chakula cha watu hakiliwi bure anaweza kuona haya na kuacha kwenda, kwa hiyo mweleze mapema kwamba mchango huo ni wa hiari, kwamba anachotoa mtu ni siri yake, na kwamba hairuhusiwi kumnyima chakula asiyeweza kutoa chochote. Kila mlo unatakiwa umpatie mzee angalau theluthi moja ya virutubisho vinavyopendekezwa kwa siku. Aidha, marekebisho ya mwaka 2020 yametaja milo inayozingatia utamaduni wa walaji, kwa hiyo kuuliza habari ya chakula cha halali si kuomba upendeleo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo jirani yako huenda hakukuambia. Mtu aliyetimiza masharti ya Medicare ana haki ya kuingia, na gharama ikipanda serikali inalazimika kulipa, ndiyo maana mwaka 2023 mpango huo ulitumia zaidi ya dola trilioni 1. Sheria ya Wamarekani Wazee haimpi mzee haki ya namna hiyo. Fedha zake hutengwa na Bunge mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya karibuni zimekuwa dola bilioni 2 na ushei kwa nchi nzima. Fungu likiisha, mzee aliyetimiza kila sharti huandikwa katika orodha ya kusubiri, na hana mahakama ya kuikimbilia kudai sahani yake. Chakula cha kupelekewa nyumbani ndicho ambacho foleni yake huwa ndefu katika maeneo mengi, kwa hiyo akihitaji huduma hiyo siku zijazo, mwandikisheni mapema.

Swali: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mombasa na nimezoea mijadala yetu ya kila mara kuhusu mgao wa fedha za kaunti. Wamarekani hugawanyaje fedha hizi za wazee mpaka zimfikie mtu kijijini?
*Mwalimu Mstaafu, Mombasa*

Jibu: Mwalimu, ubishi wa mgao nao wanao, ila wameufungia ndani ya kanuni. Fungu kubwa la sheria hii, lililo katika Sehemu ya Tatu, hugawiwa majimbo kulingana na idadi ya wakazi wenye miaka 60 na zaidi, kwa hiyo jimbo lenye wastaafu wengi kama Florida hupata zaidi kuliko jimbo la vijana lenye watu wanaolingana nalo. Ili majimbo madogo yasibaki na makombo, imewekwa chini kabisa asilimia 0.5 ya fungu kwa kila jimbo. Umaskini hauhesabiwi katika ngazi hii. Unaingia katika ngazi ya pili, pale ambapo jimbo lenyewe linatakiwa kutunga kanuni yake ya ndani ya mgao na kuonyesha jinsi linavyowafikiria wazee wenye uhitaji mkubwa zaidi.

Ngazi hiyo ya pili ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha mfumo wote. Tangu marekebisho ya mwaka 1973 majimbo hujigawa katika maeneo ya mipango, na kila eneo huwa na wakala wake wa masuala ya wazee. Leo mawakala hao ni zaidi ya 600, ingawa jimbo dogo kama Delaware ni eneo moja tu. Wakala anaweza kuwa idara ya kaunti, muungano wa kaunti kadhaa au shirika lisilo la kibiashara. Kwa kawaida hapiki wala haendeshi gari, bali huandaa mpango wa miaka kadhaa, husikiliza maoni ya wazee wa eneo hilo, kisha hutoa zabuni kwa kanisa lenye jiko, chama cha kijamii au kampuni ya usafiri. Serikali kuu hulipa hadi asilimia 85 ya gharama za huduma nyingi, na sehemu iliyobaki hutafutwa jimboni na mitaani. Hapo sheria inakubali hata michango isiyo ya fedha, kama ukumbi uliotolewa bure au saa za wanaojitolea. Hivyo wazee wawili wa umri mmoja, wanaotenganishwa na mpaka wa kaunti tu, wanaweza kupata huduma zisizolingana kabisa, kwa kuwa mmoja ana kaunti iliyoongeza fedha zake na mwenzake hana.

Jamii za wenyeji asilia hazipitii mlolongo huo. Tangu mwaka 1978 wana sehemu yao, ya Sita, inayopeleka ruzuku moja kwa moja kwa serikali za makabila, na kila kabila huamua lenyewe mtu anaanza kuitwa mzee akiwa na umri gani. Kwa mizani ya kwetu ungesema huo ni ugatuzi halisi.

Ukitaka kulinganisha na Kenya, kumbuka kwamba Inua Jamii humpa fedha mkononi mzee mwenye miaka 70 na zaidi, ilhali sheria hii ya Marekani humnunulia mzee huduma. Fedha za mkononi, kwa wanaostahili, hutoka katika mipango mingine.

Swali: Nimeacha kazi ili kumtunza mama mkwe ambaye amepoteza kumbukumbu. Je, sheria hiyo inaweza kunilipa mshahara?
*Mkaza mwana, Minneapolis*

Jibu: Pole kwa kazi hiyo. Mshahara hapana. Mwaka 2000 iliongezwa sehemu inayowahusu watu kama wewe, wanaowatunza jamaa zao bila malipo: inagharimia ushauri, mafunzo na, kilicho muhimu zaidi kwako, mtu wa kukupokea kwa saa au siku chache ili upumzike au ushughulikie mambo yako. Mgonjwa akiwa na maradhi ya Alzheimer au mengine ya namna hiyo, hata sharti la miaka 60 linaondolewa. Vilevile bibi au babu mwenye miaka 55 na zaidi anayelea wajukuu wasio na wazazi nyumbani anaweza kusaidiwa kupitia fungu hilohilo. Malipo kwa jamaa anayetunza yapo katika baadhi ya mipango ya majimbo ya Medicaid (bima ya matibabu ya watu wenye kipato kidogo, si Medicare), ambayo hupima kipato na hali ya uhamiaji, na wakala wa eneo lako ndiye anayepaswa kukueleza jimbo lako linaruhusu nini.

Ili kumpata wakala huyo, iwe uko Minneapolis au Columbus, piga 1-800-677-1116, namba ya kitaifa inayowaelekeza watu kwa ofisi ya eneo lao. Omba mkalimani wa Kiswahili ikiwa mama mkwe mwenyewe ndiye atakayehojiwa; mashirika yanayopokea fedha za serikali kuu yana wajibu wa kumsaidia mtu asiyejua Kiingereza chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na si kazi ya mjukuu wa darasa la nne kutafsiri habari za dawa za bibi yake.