Kuongeza nguvu kwenye 1HD-T: funga geji ya joto kabla ya kugusa pampu

Mkuu, umesema una Land Cruiser 80 yenye 1HD-T, injini ya dizeli yenye tabo, inachoka ikipanda mlima Kitonga na mzigo, na fundi anataka akaze skrubu ya pampu ya dizeli mzunguko mzima ili "ifunguke". Nakusihi usimruhusu. Injini hizi nimekaa nazo miaka mingi, yangu na za watu. Nguvu ya ziada inayo, lakini haitolewi hivyo.

Mafundi wengi wamekulia kwenye petroli. Kule mafuta yakipungua ndipo injini inapata joto la hatari, na yakizidi kidogo inapoa. Dizeli ni kinyume kabisa: kadiri unavyoongeza mafuta kuliko hewa iliyopo, ndivyo joto linavyopanda. Ule moshi mweusi ambao watu wanausifia ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. Mjini hutaona shida, maana unakanyaga sekunde chache unaachia. Shida inakuja kwenye mlima mrefu, mguu umekandamiza dakika nzima, gari limejaa. Hapo ndipo pistoni inaanza kuyeyuka na hedi kupasuka, na geji ya maji kwenye dashibodi inaweza kuwa imetulia katikati muda wote huo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni geji ya joto la moshi, pamoja na geji ya presha ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa ndani ya injini. Kihisio cha joto kifungwe kwenye manifoldi ya moshi, kabla ya tabo. Kikifungwa baada ya tabo kitasoma chini kwa digrii mia au zaidi ukiwa na mzigo, utajidanganya. Manifoldi ivuliwe kabisa ndipo itobolewe. Chembe za chuma zikiingia kwenye tabo umekwisha. Mimi napenda mlima mrefu uishie nyuzi za Selsiasi 600 na kitu, na 700 ndiyo mwisho wangu: nikiifikia nashusha gia na kupunguza mguu, hata kama nyuma yangu kuna basi linapiga honi.

Kabla ya kuongeza chochote, hakikisha iliyopo ni nzima. 1HD-T za mwanzo, zilizotoka kuanzia 1990, zinajulikana kwa beringi za konrodi kuisha mapema. Kama hujui historia ya gari lako, fungua sampu uzikague. Kazi hiyo inafanyika bila kushusha injini, na usipoifanya ukaongeza nguvu, unaongeza mzigo juu ya beringi iliyokwisha kuchoka. Nozo zinazopuliza dizeli zipimwe kwenye mashine, vali zirekebishwe, rejeta isafishwe ndani. Magari yetu mengi yametiwa maji ya bomba miaka yote, nusu ya mirija imeziba. Na dizeli ununue mahali unapopaamini, kwa sababu pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaikwangua kimyakimya.

Halafu fungua kile kifuniko cha juu ya pampu chenye boliti nne. Hapa nakuomba usiwe na haraka. Ndani kuna daiframu ya mpira iliyoshika pini. Tabo ikisukuma hewa, daiframu inashuka na pampu inaruhusiwa kutoa dizeli zaidi. Weka alama kwanza uone ilivyokuwa imekaa, ndipo uinyanyue. Itazame kwenye mwanga: mara nyingi utakuta ufa mwembamba pembeni, au mpira umekakamaa kama ngozi kavu. Kwenye pini utaona mstari unaong'aa upande mmoja tu, pale inaposuguliwa. Kagua pia ule mpira mdogo unaoleta presha kutoka kwenye manifoldi ya hewa. Nimeona gari nyingi "zilizokosa nguvu" ambazo ugonjwa wake ulikuwa mpira huo kupasuka. Ukiubadilisha gari linaamka, na huenda hata hutahitaji kuendelea.

Ukitaka kuendelea, anza na hewa. Bomba la ekzosi la inchi 3 kutoka kwenye tabo hadi nyuma linashusha joto na kuifanya tabo iamke mapema. Hii injini ilitoka kiwandani bila intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), kwa hiyo ukifunga moja utaona tofauti kwenye geji siku hiyohiyo, ila isizibe rejeta. Presha ya tabo naiishia kama bar 1 hivi kwa CT26, tabo iliyokuja na gari. Ukiisukuma zaidi inazunguka kupita uwezo wake na kupuliza hewa ya moto isiyo na faida.

Dizeli ni ya mwisho. Zungusha daiframu kidogo upande ambao pini imekatwa zaidi, jaribu kwenye mlima uleule na mzigo uleule, soma geji. Ile skrubu ya nyuma ya pampu, anayoitaka fundi wako, ikibidi kuguswa iende nusu ya robo ya mzunguko kwa wakati, si zaidi, na kila ukiikaza sailensi (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga) inapanda, hivyo sailensi uirudishe chini. Ikikazwa kupita kiasi injini inaweza kukimbia yenyewe hata ukiwa umeachia mguu. Kikomo chako ni geji. Ukiona moshi mweusi unaendelea hata tabo ikishajaa, rudisha nyuma. Na kama safari zako zinafika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pima kule, si Dar. Hewa ni nyepesi, na pampu iliyokuwa safi Kibaha itatoa moshi.

Klachi ya zamani inaweza kuanza kuteleza baada ya hapo, iwekee bajeti. Na breki zako zikoje? Gari hili ni zito, na Kitonga hiyohiyo utaishuka ukirudi.