AODV au OLSR kwa ngalawa za Sahare?

Mdogo wangu, umeuliza kati ya AODV na OLSR, itifaki ipi (yaani kanuni za redio kupitishiana ujumbe, chombo hadi chombo) ifae redio za ngalawa 12 zinazotoka Sahare, Tanga, usiku. Anza na AODV. Hiyo hutafuta njia pale tu ujumbe unapotaka kwenda: chombo kinapiga mbiu kwa jirani, jirani kwa jirani, mpaka jibu lirudi. Ujumbe wa kwanza huchelewa kidogo, lakini betri inapumua. OLSR haitulii, kwa mipangilio yake ya kawaida hutuma salamu kila sekunde 2 na taarifa za ramani ya mtandao (nani anaunganika na nani) kila sekunde 5, hata wavuvi wakiwa kimya wanasubiri samaki. Mkitaka kuongea kwa sauti mfululizo, hapo OLSR, maana njia ziko tayari. Na antena ifungwe juu mlingotini, tafadhali. Mawimbi yakiinuka, hata ngalawa zilizo jirani hupotezana.